Chumvi Iliyopoza Maji

Nilikuwa mlangoni kwangu hapa Iftin, mtaa wa Garissa, miguu imo ndani ya beseni la maji kwa sababu ya joto, Yussuf alipokuja kuniambia Mwalimu Kilonzo amekufa. Huyu Yussuf siku hizi ni mtu wa ofisi, ana kitambi na kalamu mbili mfukoni, lakini zamani kule Bura alikuwa mwanafunzi wa huyo mwalimu, mwembamba mpaka upepo ukivuma tunamshika shati. Akasimama hapo, hakukaa, hakunywa kitu. "Eddo," akaniambia, yaani shangazi kwa Kisomali, "mwalimu wa kemia ametuacha. Wameshamzika kwao Ukambani." Nikasema innalillahi. Halafu huu mdomo wangu, ambao haujawahi kuniomba ruhusa, ukasema, "Sasa ubishi wetu nitaumaliza na nani?" Yussuf akaangalia lile beseni, akafikiri jua limenipanda kichwani. Lakini ni kweli. Mimi na yule mtu tulibishana tangu tukiwa vijana mpaka tukaota mvi. Kila akipita Garissa lazima aje, anywe chai, tubishane, aende zake. Na ubishi wenyewe ulikuwa juu ya dumu moja la maziwa.

Mwaka ule nilikuwa na kibanda cha chai Bura, hii Bura ya Fafi, mahali lori zilikuwa zinasimama kupoza injini. Mabati juu, mikeka pembeni, na ndani giza zuri, ukiingia kutoka nje unakaa kama kipofu mpaka macho yakubali. Jua la mwaka ule msiniulize. Kuku walikuwa wanataga mayai yameshachemka. Asubuhi nilipika anjera, ile mikate yetu laini ya kikaango, nikaweka na nyirinyiri, ile nyama ya ngamia inayokaushwa halafu inalazwa kwenye samli, na chai ya tangawizi kali ya kumtoa mtu jasho la mwaka jana. Nyuma ya mkeka ndiko nilikolala, na huko ndiko nilikoweka madumu ya susa, yaani maziwa ya ngamia yaliyoachwa yachache, kwa sababu watu wa Garissa mjini bila susa hawalali. Madumu nilikuwa nayafukiza kwa moshi wa kuni, kwa hivyo mimi mwenyewe nilinuka moshi kutoka kichwa mpaka kisigino, hata mbu walinipita wakikohoa. Maziwa mengine nilinunua kwa wafugaji, lakini mtaji wangu ulikuwa Dahabo. Ngamia mmoja jike, mali yangu mwenyewe, mwenye miguu mirefu na dharau nyingi. Akikuangalia unajiona umekosea kitu.

Na nyuma ya mkeka, mtu anasikia mambo. Abti, ndugu ya mamangu, alikuwa anakaa mbele na wageni wake wanakunywa chai yangu ya bure na kunigawa mimi. Kwetu mjomba unamuita abti na yeye anakuita abti, kwa hivyo mkigombana hata jirani hajui nani mkubwa. Siku moja nikasikia mgeni anasema, "Yule mzee wa Mandera ametuma salamu tena." Huyo mzee wa Mandera aliyetaka kunioa nilikuwa nimemuona mara moja. Alikuwa na meno mawili, yote mawili upande mmoja, akicheka uso unapinda kama lori lililopakiwa vibaya. Nikashika pumzi. Abti akavuta chai, sruuup, akasema, "Sasa ako na ngamia yake, ako na kibanda yake. Nitamwambia nini? Siku hana, tutaongea." Basi mjue. Dahabo hakuwa maziwa tu. Dahabo alikuwa ukuta kati yangu na meno mawili ya Mandera.

Mwalimu Kilonzo alikuwa anafundisha sekondari pale, amekuja kutoka Ukambani na sanduku moja na maswali elfu. Hakuwa na mke bado, kwa hivyo alikula kwangu. Mimi shule niliiona kwa nje tu, nikipita na maziwa, lakini mwaka ule nadhani nilisoma kuliko wote, kwa sababu yule mtu hakuweza kumeza anjera bila kufundisha. Siku moja mchana nzi alikuwa anazunguka juu ya vikombe. Mwalimu akasema, "Nzi mmoja, vikombe vitano. Kila kikombe kina nafasi moja kwa tano." Abti akasema hapana, chake kina sukari nyingi, nzi atakuja kwake. Nzi akazunguka, akafikiria, akaenda kutua juu ya pua ya mwalimu. Abti alicheka mpaka kofia ikaanguka. Abti alikuwa hawezi p wala v maisha yake yote, zilimtoka b na f, kwa hivyo akasema, "Mwalimu, hesabu yako hakuna bua ndani yake!" Mwalimu naye akacheka, akasema ndiyo hivyo, hesabu ya bahati inaharibika kwa kitu ambacho hukukiweka. Hiyo nikaiweka akilini.

Jambo lingine lilikuwa twiga. Twiga walikuwa wengi pale, wanatembea kati ya ngamia wetu kama askari warefu waliosahau bunduki nyumbani, na hakuna mtu aliyewasumbua. Mwalimu akaanza, "Mzee, hawa twiga wana thamani gani?" Abti akahesabu kwa vidole: hawana maziwa, hawabebi mzigo, soko la mifugo hawaingii. "Sifuri," akasema. Mwalimu akasogeza kiti. "Sasa tuseme watu wote wa dunia wamekufa, wamebaki twiga tu. Twiga watakuwa na thamani, au hawana?" Abti akamuangalia kwa huruma, kama mtu anayeangalia mgonjwa. "Mwalimu, kama watu yote imekufa, nani anauliza?" Nilicheka mpaka nikamwaga maziwa. Mwalimu hakucheka sana. Akasema, "Ndiyo maana nauliza sasa, kabla hatujafa."

Siku yenyewe shule zilikuwa zimefungwa, lakini mwalimu hakwenda kwao, alikuwa anazunguka na vichupa vidogo anakusanya maji ya kila kisima, ati wanafunzi wakirudi wayapime. Nikamwambia kama anakwenda kisimani asiende mikono mitupu, nikampa madumu mawili ya susa abebe, mimi nikabeba mawili, kwa sababu gari la maziwa lilikuwa linapita pale kisimani. Alibeba akilalamika njia nzima, akasema mkono wake sasa umerefuka, anaweza kufunga kamba za viatu bila kuinama. Tulipofika tukakuta Abti amesimama kando ya birika la kunyweshea mifugo, kifua mbele, kama mtu aliyezaa mapacha. Alikuwa amepata gunia sokoni kwa dereva mmoja, gunia jeupe halina maandishi, limejaa chumvi ya mifugo. Ngamia bila chumvi si ngamia, mnajua, ananyauka, anaanza kutafuna mifupa. Na kwetu chumvi inapimwa kwa ulimi wa mzee na tumbo la punda. Abti alikuwa ameilamba, akaona ina ubaridi na uchungu kidogo, akasema hii ni ile nzuri ya mpakani. Akakoroga kwenye birika, akampa punda kwanza. Punda akanywa sana, akalia ile kelele yake, akaenda kusimama kivulini. Basi kundi la kwanza likanyweshwa, na Dahabo wangu akiwa ndani, kwa sababu Dahabo hakubali kutanguliwa na mtu.

"Abti, njoo! Weka mkono!" Abti akaniita kabla hata ya salamu. "Nimekoroga chumfi, maji ikakuwa baridi! Kama friji! Hii ni baraka!" Nikatumbukiza mkono. Wallahi, jua lile la kuchemsha mayai ndani ya kuku, na maji ya birika ni baridi kama soda ya mjini. Nikaanza kusema mashallah. Mwalimu alikuwa amechuchumaa anajaza kichupa chake. Akasimamisha mkono. "Yamepoa ulipokoroga?" Abti akamwambia ndiyo, pale pale. Mwalimu akaenda kwenye gunia, akachukua punje kidogo, akaweka ulimini, akatema. Nikaona rangi inamtoka, na yule mtu alikuwa mweusi vizuri. "Mzee, toa ngamia hapo. Toa wote. Sasa hivi!" Sauti yake sikuwahi kuisikia hivyo. Abti akakasirika, nani anaamriwa kwenye kisima cha babu yake? "Bunda amekunywa kwanza, muangalie!" Tukamuangalia punda. Punda akatikisa sikio, amenenepa, hana shida na mtu. "Tumbo la punda si kama la ngamia!" mwalimu akapiga kelele. "Na umepima na punda mmoja!" "Kwani ningebima na wangabi? Niko na mmoja!"

Hatukumaliza kubishana. Ngamia mmoja wa Abti alianza kutetemeka midomo. Halafu ngozi ya shingo, inacheza yenyewe, kama kuna panya anapita chini yake. Povu likatoka. Akapiga hatua mbili za mlevi, akaanguka kwa magoti, na pale kisimani, mahali ambapo huwezi kusikia mtu kwa kelele za wachungaji, kukawa kimya. Tukasikia mwingine anaguna. Na mwingine. Tumbo zinafura unaziona kwa macho. Mwalimu akaongea haraka, mimi nikawa natafsiri kwa Kisomali kwa vijana wa Abti. Akasema hii si chumvi, ni mbolea ya shamba, ile ya kule mtoni. Ikiyeyuka inanyonya joto ndiyo maji yakapoa. Ikiingia kwenye tumbo la mnyama anayecheua inageuka hewa kali, ile ya choo, inapenya kwenye damu, na mnyama anakufa kabla jua halijasogea. "Tunataka kitu kichachu cha kuiua hiyo hewa. Siki! Nani ana siki?" Siki! Pale Bura! Mbona asiulize barafu na keki? Akasema ndimu. Hakuna. Akashika kichwa, akazunguka, akajikwaa kwenye dumu langu. Kizibo kikatoka kidogo. Akanusa. Akageuka akaniangalia.

"Habiba. Hii imechacha kiasi gani?"

"Imechacha mpaka inaongea," nikamwambia, na nikajua susa yangu haifiki Garissa.

Tukaanza. Vijana wanashika shingo, mmoja anavuta taya, mwingine anamimina kwa chupa ya soda, maji safi ya kisima juu yake. Ngamia akikataa anakurushia povu la uso mzima, nilikula povu siku ile nikashiba. Dumu la kwanza likaisha. La pili. Mwalimu alikuwa anasema msimgawie kila mmoja tone tone, mpeni aliyelala ya kutosha, nusu dawa si dawa, utawapoteza wote. La tatu likaenda kwa ngamia wawili wakubwa wa Abti, na hapo nikageuka kumtafuta Dahabo, kwa sababu mpaka wakati huo alikuwa amesimama na nilikuwa najidanganya kwamba dharau yake imemkinga. Nikamkuta amelala ubavu. Dahabo, ambaye hakuwahi kulala mbele ya watu. Macho yamegeuka meupe, ulimi umetoka, tumbo kama ngoma. Nikapiga magoti nikamuita jina. Hakusogeza hata sikio.

Dumu lilikuwa limebaki moja. Nikalikumbatia nikakimbia nalo, na mwalimu akanisimamisha njiani. Alikuwa anaonyesha kidole upande wa pili wa birika, mahali maji yalikuwa yamemwagika chini yakafanya dimbwi. Palikuwa na mtoto wa twiga, mdogo bado, ana ule urefu wa aibu. Amekaa chini, miguu haimtii, povu kidogo tu mdomoni. Mamake yuko juu yake. Mama alikuwa anaogopa watu, hakunywa, mtoto hajui kuogopa, akanywa. "Habiba, sikiliza," mwalimu akasema, na pumzi zinamkatika. "Ngamia wako amechelewa. Nafasi yake ni mbili kwa kumi. Yule mdogo amekunywa kidogo, anameza bado. Nane kwa kumi."

"Hizo kumi umezitoa wapi?"

"Kichwani."

"Zirudishe!"

"Habiba, dumu hili likienda kule, kuna mnyama mmoja karibu hakika atapona. Likienda huku, karibu hakika hakuna hata mmoja."

Abti alitusikia, akaja na povu kwenye ndevu. "Mwalimu, una wazimu? Twiga ni ya nani? Si yangu, si yako! Hii ngamia ndiyo maisha ya mtoto wa dada yangu!" Mwalimu akasema hata kama si wa mtu, yupo. Ni wa yeye mwenyewe. Nikamwambia na yule mama atakupiga teke, vipande vyako tutaviokota Wajir. Akasema, "Nitajaribu. Basi nipe nusu." Nikamwambia, na hapa nilikuwa nalia kwa sauti, "Umesema mwenyewe nusu si dawa! Unataka tuwazike wote wawili?" Hakunishika mkono. Kitu hicho nimemheshimu nacho mpaka leo, angeweza kuninyang'anya, alikuwa na nguvu. Alisimama tu kando, akaniachia njia.

Nikapita. Nikamimina lote kwa Dahabo. Nasema hivi na sitaki mtu anisikitikie, ningerudishwa pale leo na magoti haya mabovu ningemimina vile vile. Miaka yote mwalimu aliniambia hesabu ilikuwa upande wake, na mimi nikamwambia hesabu yako hakuna Mandera ndani yake. Alikuwa anasema, lakini Habiba, twiga naye alikuwa na Mandera yake. Hapo nilikuwa namuongezea chai ili anyamaze.

Siku ile mwalimu alitusaidia kumshika Dahabo kichwa. Hakununa, alishika taya kwa mikono yote miwili na kuniambia mimina polepole asije akapaliwa. Dumu likaisha. Maji yakafuata. Halafu hakuna cha kufanya, na hicho ndicho kibaya kuliko vyote. Tulikaa. Ngamia wa Abti mmoja alikufa, yule wa kwanza kuanguka, tukasikia akipiga miguu chini halafu hatukusikia. Abti akasema maneno ya Mungu kwa sauti ndogo. Niliweka kiganja juu ya tumbo la Dahabo, limekaza kama ngozi ya kiatu, na nilikuwa naona yale meno mawili kila nikifumba macho. Kivuli cha birika kikasogea kikatufikia. Ndipo tumbo likanguruma chini ya mkono wangu, mbali sana, kama lori linalopanda mchanga, likaja, likaja, na Dahabo akabeua. Jamani! Harufu ya vyoo vya stendi zote za Kenya ilitoka kwenye mdomo ule. Mwalimu alikuwa amekaa mbele yake, ikampiga usoni, akaanguka chali akikohoa na kucheka, anasema, "Amonia! Imetoka! Amonia!" kama mtu anayemuita bibi harusi. Dahabo akabeua tena. Akainua shingo, akatuangalia mmoja mmoja, na akatudharau wote. Nilimbusu pua na povu lake.

Tulipiga kelele, vijana walirukaruka, Abti alinikumbatia, jambo ambalo hakuwahi kufanya wala hakurudia. Kelele ilipoisha tukageuka, sijui nani aligeuka kwanza. Mtoto wa twiga alikuwa ameshalaza shingo mchangani. Mama yuko pale pale. Aliinamisha kichwa kutoka kule juu, safari ndefu, akamnusa. Akainua. Akainamisha tena. Hakupiga mtu teke, hakukimbia. Mwalimu akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili, na hakuniangalia, nami nilimshukuru kwa hilo.

Kazi haikuwa imekwisha. Ngamia wengine ambao hawakuwa wamenywa walikuwa wamefungiwa nyuma tangu asubuhi, wanalia kwa kiu mpaka masikio yanauma, na waliopona nao wanataka maji safi. Abti aliwaamuru vijana wamwage maji yote ya birika mbali kwenye shimo, wafukie lile dimbwi, wasugue birika kwa mchanga na kulisuuza, warudie, warudie tena. Halafu wakateka maji kwa mikono, ndoo baada ya ndoo, na Abti akayaonja mwenyewe, safari hii bila kumsumbua punda. Birika likajaa. Vijana wakafungua ngamia. Wanyama wakaja kama mafuriko, vumbi juu, na Abti akasimama mbele ya birika ameinua fimbo na kupiga ukelele ambao uliwasimamisha ngamia na vijana pamoja. Akasema kitu kwa Kisomali. Kijana mmoja akabisha, akaonyesha ngamia wenye kiu. Abti akarudia neno lile lile, safari hii taratibu.

Mwalimu akaninong'oneza, "Amesema nini?"

Nikamwambia. Pale kisimani kwetu, mtu aliyefiwa siku hiyo hapangi foleni. Akija, wengine wote wanarudi nyuma, hata awe na mbuzi mmoja na wewe una ngamia mia. Abti alikuwa amesema, "Rudini nyuma. Mwenye msiba anakunywa kwanza."

Mwalimu hakuuliza swali. Tulirudi nyuma wote, watu na ngamia, mpaka kwenye vichaka, na Abti akaja mwisho, kinyumenyume, fimbo bado juu. Twiga alikaa muda mrefu bila kusogea. Halafu akaja, hatua moja, anasimama, hatua nyingine. Akapanua miguu ya mbele mmoja huku mmoja kule, akashusha shingo yote ile, akanywa. Dahabo alikuwa amesimama tayari, miguu inamtetemeka, kiu imemshika, akaanza kujivuta kwenda birikani. Nikamshika kamba karibu na shavu. Nikamwambia ngoja, mama, si zamu yako.